Kofia namba nne: Miaka saba ya Gunvor kusubiri mvua ya Titani

Saa tatu asubuhi, Kiruna, mji wa mgodi wa chuma kaskazini ya mbali. Jua halijachomoza, na leo halitachomoza kabisa. Liliaga juma lililopita na halina haraka ya kurudi. Theluji imeshika rangi ya buluu, ile buluu ya Desemba ambayo watu wa hapa huiita mchana kwa kuwa hawana mchana mwingine.

Gunvor Lantto anakuja kazini, kwenye taasisi ya sayansi ya anga, akisukuma kigari chake cha barafuni, kiti cha mbao juu ya vyuma viwili virefu. Mguu mmoja umesimama juu ya chuma, mwingine unapiga barafu. Kitini ameketisha keki iliyofungwa kamba, na anaiendesha kwa uangalifu ambao wajukuu wake hawajawahi kuuona.

"Nikianguka, kamata keki," anamwambia mwandishi wa makala haya, anayekimbia nyuma yake. "Mimi niache, nitainuka mwenyewe."

Ana umri wa miaka sitini na minane. Kwa miaka arobaini amekuwa akitengeneza vifaa vidogo vinavyobebwa na vyombo vya angani kwenda kwenye sayari nyingine. Leo, kwa mujibu wa ratiba iliyoandikwa miaka mingi iliyopita, kimoja kati ya vifaa hivyo kinatua Titani, mwezi mkubwa wa sayari ya Zohali.

Ukimwambia "kinatua" anakusahihisha. "Kimeshatua. Nusu saa iliyopita. Au kimeshavunjika. Habari ndiyo iko njiani."

Habari hiyo, ijapokuwa inakuja kwa kasi ya mwanga, inahitaji saa moja na dakika ishirini kufika. Ndiyo maana Gunvor hakukimbia asubuhi hii. Alikunywa kahawa yake taratibu, na vipande vya jibini vikielea ndani ya kikombe kama alivyozoeshwa na mama yake. Kisha akavaa soksi mbili mbili na kutoka.

Kifaa chake wanakiita Sikio. Ni maikrofoni yenye uzito wa chungwa dogo, iliyoundwa kwa kazi moja tu: kusikia Titani kulivyo. Kule kuna hewa nzito kuliko yetu, ukungu wa rangi ya machungwa, na mvua. Mvua yenyewe si ya maji, ni ya methani, gesi iliyogeuka kioevu kwa baridi ya nyuzi mia moja na themanini chini ya sifuri.

"Matone yake ni makubwa kama zabibu," anasema Gunvor, na mkono wake unashuka hewani polepole, polepole sana, mpaka mwandishi anajikuta akiutazama huo mkono tu. "Mvuto wa kule ni mdogo. Mvua haipigi. Inakuja tu, kama manyoya. Ungeweza kulichagua tone moja, ukalisindikiza kwa macho mpaka chini."

Hakuna mtu aliyewahi kuisikia. Yeye ameitamani kwa miaka ishirini na saba.

Kupenda sauti alikurithi nyumbani. Baba yake, mzee Algot, alikuwa mchimba chuma. Kazi yake ilikuwa kugonga paa la handaki kwa mtaimbo kabla wenzake hawajaingia. Mwamba mzima hulia kama kengele. Mwamba uliolegea hulia kama gunia la unga, na hapo watu hurudi nyuma. Mitambo ya kutoboa mawe ilimnyang'anya sikio la kushoto, hivyo watoto wote wanne mezani waligombea kiti cha upande wake wa kulia.

"Mimi ndiye nilikuwa nashinda," anasema Gunvor. "Kaka yangu Evald aliambulia sikio bovu, akaenda mgodini kuendesha mtambo. Mshahara wake umenizidi tangu siku ya kwanza, na kila Krismasi ananikumbusha."

Alisoma fizikia katika chuo kikuu cha Uppsala, kusini, akarudi kaskazini. Chombo cha kwanza kilichobeba kazi yake kililipuka sekunde sabini baada ya kuruka. Siku hiyo taasisi ilikuwa imeagiza keki iliyoandikwa "Hongera" kwa krimu. Waliila kimya kimya, baada ya mtu mmoja kuyakwangua maandishi kwa kijiko. Tangu siku ile pana sheria ambayo haimo kwenye kitabu chochote: keki huja tupu, nyeupe pe, na mfuko wa krimu huwekwa pembeni. Haiandikwi kitu mpaka habari ifike.

Pendekezo la Sikio lilikataliwa mara mbili. Mara ya kwanza waliambiwa hakuna cha kusikia. Mara ya pili waliambiwa kipo, ila hakina faida. Mara ya tatu likakubaliwa, kwa sababu palibaki nafasi ndogo kwenye chombo na hakuna kifaa kingine kilichoienea. Wahenga walisema subira huvuta heri. Hawakusema huivuta kwa miaka mingapi.

Ndipo ikaja habari ya kofia.

Kifaa kinachokwenda angani huvishwa kofia nyekundu za mpira kwenye kila tundu, vumbi lisiingie. Zinavuliwa saa ya mwisho, kabla chombo hakijafungwa moja kwa moja. Sikio lilikuwa na kofia nne zenye namba. Watu wawili huzivua na kuziweka kwenye sinia. Mmoja huhesabu kwa sauti, mwingine huandika, kisha wote wawili hutia sahihi.

Aliyehesabu alikuwa Gunvor. Aliyeandika alikuwa fundi wake, Stellan Kuoppala, mtu aliyelitengeneza Sikio kwa mikono yake mwenyewe. Fomu inasema nne.

Siku tisa baada ya chombo kuruka, Gunvor alifungua sanduku nyumbani kwake ili azitoe kofia zile na kumgawia kila mtu wa timu moja ya ukumbusho, kama ilivyo desturi. Alikuta tatu. Namba nne haikuwemo, na namba nne ndiyo ya tundu la maikrofoni yenyewe.

"Niliketi sakafuni," anasema. "Nikalimwaga sanduku. Nikayapekua makoti. Niliangalia mpaka ndani ya viatu."

Huenda ilidondoka wakati wa kufungasha, ikafagiliwa na takataka. Na huenda ilibaki juu ya Sikio. Picha za siku ile zinaonyesha kila kona ya chombo, isipokuwa ile moja yenye Sikio, iliyofichwa na kivuli cha waya. Na hapakuwa na namna ya kupima njiani. Angani hakuna hewa, na pasipo hewa hakuna sauti. Sikio zima na Sikio lililozibwa hunyamaza sawasawa.

Angeweza kukaa kimya. Kofia hakuna aliyeiulizia. Lakini kesho yake asubuhi aliandika barua kwa wakuu wa safari.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," anasema. "Na mimi nilikuwa na miaka saba ya kuumbuka. Ni mingi mno."

Barua ile ilimgharimu rafiki. Stellan aliisoma pamoja na watu wengine, siku moja na wengine. Alishikilia kwamba aliziona kofia nne kwa macho yake, na kwamba Gunvor alipoandika jina lake pale bila kumuuliza alimfanya mwongo mbele ya watu. Hawakusemezana mwaka mzima, katika mji ambao duka la samaki ni moja. Mwishowe Stellan alisimama mlangoni kwa Gunvor na jibini la kahawa limefungwa kwenye gazeti, akasema, "Nne," akaingia.

Wamekuwa wakibishana kwa amani tangu hapo.

Saa nne kasorobo Stellan anawasili taasisini, theluji begani. Ana miaka sabini na mmoja, amestaafu, na suruali aliyovaa leo ni ya arusi na maziko.

"Bado unasukuma kile kigari? Utavunja nyonga, mama wewe."

"Nyonga ni yangu."

"Na keki je?"

"Keki ni ya walioalikwa."

"Mimi nimealikwa na nani?"

"Na sahihi yako," anajibu Gunvor, akimvutia kiti.

Chumbani yumo pia Tuva Sarri, mwenye miaka arobaini na mmoja, anayesimamia upokeaji wa sauti. Siku Gunvor anaanza kuliota Sikio, Tuva alikuwa darasa la saba. "Nyie wawili nyamazeni kidogo," anasema bila kugeuka. Hapa hata profesa huitwa kwa jina lake tu, na hunyamazishwa vivyo hivyo.

Saa nne kasoro dakika nane, simu ya mezani inalia kutoka Ujerumani, kwenye kituo cha kuongozea chombo. Tuva anabonyeza kitufe cha spika. Kimetua. Kizima. Kule kwao watu wanapiga kelele na viti vinaanguka. Huku watu watatu wanatazamana.

"Kimetua," anasema Stellan.

"Nimesikia," anasema Gunvor.

Betri ya chombo itadumu saa tatu. Sauti zitatumwa vipande vipande, kipande cha kwanza kifike saa tano. Saa nzima ya kungoja. Stellan anamenya chungwa na kuacha kulila. Dirishani buluu imefifia kidogo, na upande wa kusini kuna mstari wa waridi, huko jua linakopita chini ya upeo bila kusimama. Gunvor anautazama mstari huo kwa muda mrefu.

"Unajua ninachowaza?" anasema. "Kule kila kitu kimeshaisha. Kama ilinyesha, ilinyesha. Kama niliziba, niliziba. Nami hapa bado nina matumaini, kama mtu anayeiombea dua barua iliyokwisha kuandikwa."

"Nne," anasema Stellan, kwa upole.

Saa tano na dakika sita, Tuva anainua mkono. "Imeingia. Nianzie wapi?"

"Mwanzo," anasema Gunvor. "Tangu kinaning'inia kwenye parachuti."

Anavaa vipokea sauti. Stellan anavaa vyake. Tuva anabonyeza.

Sekunde tatu tu. Gunvor anavivua, anaviweka mezani kwa utaratibu, na kuilaza mikono yake kando yake.

"Ipo," anasema.

"Nini?"

"Kofia. Ipo."

"Labda upepo wa kule ndivyo ulivyo," anasema Stellan. "Mzito. Umefika huko wewe?"

"Stellan. Sauti hii nimelala nayo miaka saba."

Ni kweli. Kila kifaa kinachokwenda angani huacha pacha wake duniani, aliyetengenezwa siku moja na mikono ileile. Mwaka ule wa barua, Gunvor alimvisha pacha wa Sikio kofia nyekundu na kumnasia sauti: upepo, kengele, hatua za watu, mvua ya Julai. Alitaka kuijua sura ya kosa lake kabla halijafika. Anaijua. Sauti zote nyembamba hukatwa, zinabaki nene tu, kama maongezi ya chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa.

Stellan anasikiliza dakika nzima. Uso wake unazidi kunyauka. Kisha naye anavivua.

"Siku ile sikuziona nne," anasema.

Anakivuta kiti chake karibu na cha Gunvor.

"Nilizisikia. Wewe ulisema nne, mimi nikaandika nne. Sikuangalia sinia. Miaka yote hii nimekuwa nikiapa kwa macho yangu, kumbe ni masikio."

"Na mimi nilisema nne nikitazama karatasi," anasema Gunvor. "Tulifanya mazoezi mara thelathini, Stellan. Mara zote thelathini zilikuwa nne. Mdomo ulishazoea."

Wazee wawili wameketi na ukweli wao, na huzuni iliyomo chumbani ungeweza kuikata kwa kisu cha keki. Miaka ishirini na saba. Sikio moja, safari moja, na hakuna mtu wa kupanda ngazi akalivue kofia.

"Subirini," anasema Tuva. Yeye hakuvivua vyake. "Msiondoke. Njooni hapa. Hapa, baada ya kutua."

Wanavaa tena.

Kuna kishindo, kizito, cha chombo kugusa ardhi. Kisha mngurumo wa mbali. Kisha kimya kirefu, kirefu kiasi kwamba Stellan anamtazama Tuva kwa kutilia shaka.

*Pum.*

Kimya.

*Pum.* Kisha tena, karibu zaidi. *Pum, pum.* Bila haraka, kama vidole vya mtoto kwenye godoro. Linakuja moja, linafikiri, linakuja jingine. Kisha mengi, lakini hata wingi wake ni wa upole, na chumba kizima kinaonekana kupungua uzito. Mwandishi naye amepewa upande mmoja wa vipokea sauti vya Tuva, na hataficha: kwa dakika hizo chache hakukumbuka yuko wapi.

"Inanyesha," ananong'ona Tuva.

Gunvor analia waziwazi, bila kujifuta, machozi yakifuata mikunjo ya uso wake. Analia kwa furaha na kwa uchungu, na anapoulizwa baadaye ni kipi kilizidi, anasema havikupimika.

Simu inalia tena. Ni mkuu wa safari mwenyewe, anataka kujua kama Sikio limefanya kazi. Tuva ananyoosha mkono kujibu, lakini Gunvor anamtangulia. Anasimama, kama anayeitwa shuleni.

"Kofia namba nne iko juu ya Sikio," anasema kwenye spika. "Sauti zote nyembamba zimepotea. Nilihesabu bila kuangalia. Kosa ni langu."

Stellan anainamia simu mpaka pua yake karibu iguse kitufe. "Ni letu. Andika majina mawili."



"Gunvor," inasema sauti ya mkuu wa safari, "mmesikia kitu chochote?"

"Mvua," anasema. "Tumesikia mvua."

Kelele zinazofuata zinaifanya spika ikwaruze. Stellan anakwenda kwenye keki. Anachukua mfuko wa krimu, anaufikiria, na anaandika neno moja, herufi za mwisho zikibanana ukingoni: ILINYESHA.

"Mwandiko mbaya," anasema Gunvor.

"Ningekuwa na mwandiko mzuri ningekuwa profesa kama wewe. Kata keki."

Siku kumi baadaye, mwandishi anamkuta Gunvor chini ya jengo, katika chumba kisicho na dirisha, amevaa sweta mbili. Mbele yake kuna tangi la chuma lenye urefu wa mtu. Ndani yake pacha wa Sikio ameketi gizani, na kofia nyekundu kichwani.

Anaeleza polepole. Sauti alizonasa zamani zilikuwa za kofia yenye joto, iliyo laini. Kule Titani mpira umeganda ukawa kama sahani, na sahani hupitisha sauti kwa namna nyingine. Kwa hiyo itabidi aijenge Titani ndogo humu ndani: baridi ileile, hewa nzito ileile, matone ya methani ya kila ukubwa, mamia kwa mamia. Kila tone litasikilizwa mara mbili, pacha akiwa na kofia na akiwa hana. Tofauti ya sauti hizo mbili ndiyo kofia. Akishaijua, ataweza kuipunguza kutoka kwenye sauti iliyokuja kutoka mbali, na kitakachobaki kitakuwa mvua yenyewe.

Si yote. Baadhi ya sauti zilikatwa kabisa na hazitarudi, na hilo halizungushi. "Nusu, labda. Nikipata nusu nitashukuru."

Alitakiwa kustaafu Juni. Atastaafu, lakini taasisi imemwachia chumba hiki na ufunguo wake. Mshahara hakuna, kahawa ipo. Kwenye fomu ya safari zijazo ameomba iongezwe sentensi moja, nayo imekubaliwa: anayehesabu aguse kila kofia kwa kidole, na anayeandika aguse tena baada yake.

Anakisia kazi itachukua miaka mitatu. Stellan, aliyelala chini ya tangi akikaza bomba, anatoa kichwa.

"Mitatu? Nitakuwa na miaka sabini na minne."

"Utakuwa nayo hata ukikaa nyumbani," anamjibu Gunvor. "Kaza bomba."

Kisha anamgeukia mwandishi, na sauti yake inashuka, imekuwa ile ya mtu anayesimulia ndoto kabla haijamtoroka.

"Watu wananipa pole, kana kwamba nimefiwa. Mvua ile haikuwa na kosa lolote. Ilinyesha vizuri, ikapiga juu ya Sikio langu tone kwa tone, yote niliyoyaomba. Aliyeifunika ni mimi." Anafungua valvu, na baridi inaanza kuvuma ndani ya chuma. "Nataka kuifunua kabla sijafa."